Intaneti imerudi, simu za ofisi bado bubu
Wenye ruta ya Linux na laini mbili, faiba na modemu ya akiba, hili linawahusu. Faiba ikikatika, kurasa zinafunguka tena kupitia modemu, ila simu za SIP (zinazopiga kupitia intaneti) haziiti. Hapa Mwanga, Kigoma, lilinila mchana mzima. Niliwasha upya simu zote, nikalaumu hadi waya. Bure.

Kosa lilikuwa kwenye jedwali la kufuatilia miunganisho (conntrack), ambamo ruta huweka rekodi ya kila muunganisho unaopita. UDP, njia ya kutuma data ambayo simu hizi hutumia, haina kuagana kama njia nyingine iitwayo TCP, kwa hiyo kernel (kiini cha Linux) hutegemea muda tu kufuta rekodi: kwa kawaida sekunde 30, au 120 kwenye kernel za sasa kama majibu yamewahi kurudi. Simu zangu hutuma pakiti ya kuonyesha zipo hai kila sekunde 20. Kila pakiti inaanzisha hesabu upya, rekodi haifi, na bado imeshikilia anwani ya faiba iliyokatika!

Angalia rekodi za simu (5060 ni bandari ya SIP):

conntrack -L -p udp --dport 5060

Soma dst (anwani ya mpokeaji) ya pili, ya upande wa majibu. Ukikuta anwani ya zamani, futa:

conntrack -D -p udp --dport 5060

Pakiti inayofuata itafungua rekodi mpya kwa njia sahihi. Usikimbilie conntrack -F, inayofuta rekodi zote, utawakatia na wengine kazi zao. Amri ya kufuta nimeiweka ndani ya skripti inayohamisha njia. Hili huwapata hasa wanaotumia SNAT (kubadilisha anwani ya mtumaji kwenye ruta) yenye anwani maalumu. MASQUERADE, inayochukua anwani ya kadi yenyewe, hujisafisha kadi ya mtandao inapozimika.