Geuza chupa: kusoma seramu ya makunyanzi kabla hujalipa

Asalamu alaikum dada zangu. Juzi shoga yangu wa Mkomani alinitia mkononi kichupa cha seramu, yale maji ya kupaka usoni, kilichoandikwa "vitamini C" kwa maandishi ya dhahabu. Nikakigeuza. Vitamini C ilikuwa ya mwisho kabisa, chini ya marashi na rangi. Pesa ya samaki wa wiki nzima imeishia kwenye maji na glisirini. Niliumia, ndiyo maana nawaandikia.

Hatua ya 1: Soma nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia. Lakini vilivyo chini ya asilimia 1 mtengenezaji huvipanga apendavyo, na hapo ndipo tunapozugwa. Mimi hutafuta fenoksietanoli, kihifadhi ambacho Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Vitamini C ikija baada yake, ni pambo tu, kwani huhitajika kama asilimia 10 au zaidi. Retinoli, aina ya vitamini A, ni kesi nyingine: kiasi kidogo hutosha, na Ulaya kikomo chake usoni ni asilimia 0.3. Kwa hiyo usiihukumu kwa nafasi yake. Tafuta kiwango kilichoandikwa.

Hatua ya 2: Pima maneno. "Imethibitishwa, siku 28." Walipimwa wangapi? Walilinganishwa na nini? Au waliulizwa tu kama wanajiona laini? Ngozi yoyote ukiipaka mafuta hulainika. Asidi ya hayaluroni huvuta maji, mikunjo midogo ikajaa, kisha ikarudi. Retinoli huchukua kama wiki 12 kabla hujaona kitu.

Hatua ya 3: Tazama rangi. Vitamini C huharibika kwa hewa, mwanga na joto, na joto la Lamu mnalijua. Ikishakuwa kama chai ya rangi, iache. Usinunue iliyopangwa dirishani juani. Kichoro cha kikopo kilichofunuliwa chenye 6M maana yake miezi 6 tangu ufungue.

Hatua ya 4: Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kisha tuma namba yake kwa ujumbe kwenda 20023. Ukiona haidrokwinoni au zebaki, vya kujichubua, usipake. Zimepigwa marufuku Kenya.

Maswali ya wanachama

Dada wa Shela: Nina mimba ya miezi minne. Retinoli je?
Hapana, mpenzi. Iache na jamii yake yote. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, waweza kutumia.

Mama wa Langoni: Navaa buibui, bado nahitaji kinga ya jua?
Uso si uko nje? Na hapa jua hutupiga mara mbili, juu na kutoka majini. Miale yake ndiyo inayotuzeesha ngozi kuliko kitu kingine. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua kinga ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), seramu isubiri.

Bibi harusi mtarajiwa: Naanza retinoli, na singo wiki ijayo. Vipi?
Usichanganye usoni. Retinoli huifanya ngozi iwe nyepesi kuwasha, na singo husugua. Mwambie somo wako akusinge mwili, uso auache mpaka arusi ipite.