Kabla hujamkorogea mtu habat soda

Kila mwaka, masika yakikaribia, nashusha kabati letu la dawa za nyumbani na kulipanga upya. Lina asali, punje ndogo nyeusi za habat soda na mafuta yake, tangawizi kavu, karafuu, mdalasini, mchaichai uliokaushwa na kopo la unga wa mlonge. Mama yangu alikuwa na kabati kama hili, na bibi kabla yake. Mvua zikianza na mafua yakiingia nyumbani, mkono wa kwanza huenda huko.

Tunaliweka kwa imani. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu ametaja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kuwa ndani yake mna shifaa kwa watu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa habat soda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Nayaamini hayo bila kusita. Ila ipo hadithi nyingine, iko kwa Abu Daud, ambayo sijaiona ikibandikwa kwenye duka lolote la dawa za Sunna: mwenye kujitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini. Likitokea la kutokea, dhima iko shingoni mwake. Mimi si tabibu. Ninapomkorogea mtu kijiko cha dawa, dhima hiyo nimeibeba, ndiyo maana kabla ya kukoroga nauliza kwanza: anayekunywa ni nani, na ameshakunywa nini leo?

Swali hilo nilifundishwa na mama mkwe wangu bila yeye kukusudia. Ana kisukari na anameza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni. Mtu mmoja alimuuzia chupa ya mafuta ya habat soda, akamwambia anywe kijiko cha chakula kutwa mara tatu. Hakutuambia, na sisi hatukuuliza. Siku ya nne, kabla ya adhana ya alfajiri, nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo: “Mwanangu, njoo, natetemeka.” Kanga yake ilikuwa imelowa jasho, mikono ya baridi, maneno yanamtoka vipande vipande. Tukamnywesha maji yenye sukari nyingi, akarejea polepole. Kipimo kilionyesha sukari imeshuka mno. Habat soda inashusha sukari, na presha pia. Ikikutana na vidonge vinavyofanya kazi ile ile, vyote viwili vinavuta upande mmoja. Wapo wanaosema dawa ya asili haina madhara. Mimi tangu asubuhi ile nasema ina nguvu, na chenye nguvu hupimwa. Kwa mtu mzima mwenye afya mimi sizidishi kijiko kimoja cha chai cha punje zilizosagwa kwa siku. Mwenye kisukari, presha au figo namtaka amuulize daktari wake kwanza.

Hali ni hiyo hiyo kwa vitunguu saumu na tangawizi. Kwenye mchuzi havina neno. Lakini anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, akianza kutafuna punje za saumu kila asubuhi au kunywa tangawizi nzito, anaweza kuvuja damu kwa urahisi. Na mwenye miadi ya upasuaji amwambie daktari kila anachokunywa nyumbani, na dozi hizi za saumu na tangawizi aziache kama wiki mbili kabla.

Kwa watoto wachanga nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mapenzi yetu yanapoweza kudhuru. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anafunga choo, shingo inalegea, kilio kinakuwa hafifu, ananyonya kwa shida, mwisho hata pumzi inamshinda. Kuichemsha kwenye uji hakusaidii, vijimbegu hivyo vinastahimili moto wa jikoni. Najua nyumba nyingi hufanya tahniki, kumgusisha mtoto aliyezaliwa kitu kitamu kwenye kaakaa, kwa ncha ya kidole iliyochovywa asali. Rudini kwenye Sunna yenyewe, mama zangu: Mtume (s.a.w.) alitumia tende. Tende iliyolainishwa kwa mkono uliooshwa vizuri, ikaguswa tu kwenye kaakaa, na anayefanya asiwe na kikohozi wala vidonda vya mdomoni. Baada ya hapo ni ziwa la mama peke yake mpaka miezi sita: si maji, si gripu ya kutuliza tumbo, si kijiko cha mizizi cha jirani.

Mjamzito naye ana orodha yake, na ni fupi. Viungo vya chakula kwa kiasi cha chakula, sawa. Mwarobaini, shubiri, mizizi na magome ya mlonge, na habat soda kwa kiasi cha dawa, hapana. Baadhi ya hivyo huchokoza mji wa mimba, na vingine havijulikani vizuri vinamfanya nini aliye tumboni. Mafuta ya mbegu za mwarobaini pia usimnyweshe mtoto yeyote, yamewahi kuwatia watoto wadogo degedege na kuwapoteza fahamu.

Halafu kuna kununua. Habat soda hufanana sana na mbegu za vitunguu maji, na sokoni huchanganywa, mara nyingine kwa makosa, mara nyingine kwa tamaa. Sikupata kujua tofauti mpaka muuzaji mmoja wa Ngamiani, Tanga, bibi wa makamo, aliponishika mkono. “Shikamoo bibi,” nikamwambia, nikaomba robo. “Marahaba mwanangu. Usibebe hujanusa.” Akanisagia punje tano kiganjani kwa kidole gumba. Habat soda halisi inapanda puani kwa ukali, kama pilipili manga yenye majani makavu ndani yake. Mbegu za vitunguu hunuka vitunguu, basi. Tangu siku hiyo nanunua punje nzima, nasaga kidogo kidogo kwenye kinu, na kila kopo nabandika tarehe. Unga ukikaa miezi, harufu inapungua, na harufu ikiondoka ujue hata nguvu imeondoka. Asali nayo isikutie wasiwasi ikiganda, hiyo ni tabia yake. Hofia dawa ya unga isiyo na jina inayoondoa maumivu ya magoti kwa siku moja, kwani wapo wanaosagia ndani yake vidonge vya hospitali. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Kumuuliza muuzaji namba ya usajili si utovu wa adabu.

Kwa wanaotumia kombe, maji ya kunywa yaliyosuuzia aya za Qurani, nina neno moja. Aya zikiandikwa kwenye sahani kwa zafarani, hakikisha ni zafarani ya kuliwa, maana vipakiti vingi vya bei rahisi ni rangi tupu. Na maji ya kusuuzia yawe yamechemshwa. Marashi ya kujipulizia si ya kunywa.

Sasa mipaka. Jina mwarobaini limetokana na arobaini, magonjwa arobaini unayosemekana kuyatibu, na watu wa pwani huwachemshia wenye homa. Mimi siuamini kwa malaria ya mtoto. Homa ya mtoto hailali nyumbani kwetu, anapimwa siku hiyo hiyo, na malaria ikionekana anapewa dawa mseto mpaka dozi iishe. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, hatuchemshi chochote, tunaita bodaboda. Kikohozi kinachofikisha wiki mbili, hata cha mtu mzima, ni cha kupimwa kifua kikuu, tangawizi iwe imesaidia au haikusaidia. Kwa kuharisha, kabatini naweka pakiti za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki pamoja na ukwaju na mchaichai, na vinatangulia. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kichuguu.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2011, misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Walikwenda Wakristo, walikwenda Waislamu. Kuna waliofariki njiani wakisubiri zamu, na kuna waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Sina neno baya kwa mtu aliyekwenda, mgonjwa hutafuta. Lakini dawa ya hospitali haiwekwi chini kwa sababu umeshika ya imani. Anayetaka kuiacha au kuipunguza, akapime kwanza, akazungumze na aliyemwandikia.

Nyumbani tuna daftari la kurasa arobaini lililofungwa kamba kwenye msumari pembeni mwa kabati. Kila mtu ana ukurasa wake: maradhi aliyonayo, vidonge anavyomeza, kilichowahi kumdhuru, na kila dawa ya nyumbani anayopewa, kiasi na tarehe. Siku ya kliniki linatoka na kadi. Mara ya kwanza mama mkwe alilificha chini ya kanga, akihofia kukaripiwa. Muuguzi akalisoma lote, akapiga mstari chini ya “mafuta ya habat soda”, akamuuliza: “Mama, kijiko hiki ni cha ukubwa gani?” Siku hizi analitoa mwenyewe kabla hajaulizwa, na kijiko anakibeba kwenye mkoba.