Oda za WhatsApp ziingie kwenye jedwali bila kunakili moja moja
Unauza mahindi Kibaigwa na oda zinamiminika WhatsApp? Piga skrinishoti, ukate namba za simu na salio, kisha pakia picha hizo kwenye programu ya akili mnemba (AI) kama Gemini au ChatGPT. Andika: “Tengeneza jedwali: jina, magunia, jumla ya pesa, siku na saa ya kuchukua. Kisichoonekana acha wazi, usikisie.” Maneno hayo ya mwisho usiyaruke, bila hayo, pengo laweza kujazwa kwa kubuni. Nakili jedwali zima mara moja, ubandike Google Sheets, programu ya majedwali.

Kagua hasa tarakimu. “Laki na nusu” ni 150,000. “Saa mbili asubuhi” ni 8:00, siyo 2:00, na hapo ndipo akili mnemba huweza kujikwaa. Picha nne au tano kwa mkupuo zatosha. Zikizidi, mistari huweza kurukwa, kwa hiyo hesabu oda zako kwanza.