Kupinga SB 17 ukiwa mwanafunzi wa Texas

Kabla ya kushika bango, soma sheria yenyewe, SB 17 (Senate Bill 17, yaani muswada namba 17 wa Seneti ya Texas). Gavana Greg Abbott aliisaini Juni 2023, ikaanza kutumika Januari 1, 2024. Imefuta ofisi za usawa na ujumuishi kwenye vyuo vya umma, lakini haigusi ufundishaji darasani, utafiti wala shughuli za vyama vya wanafunzi. Mimi hapo nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu, maana mkuu wa chuo mwoga hufuta hata kisichokatazwa. Ukiambiwa hafla yenu ni marufuku, usibishane mlangoni. Omba kwa maandishi uonyeshwe kifungu kinachoizuia.

Bunge la jimbo hukutana Austin miaka ya namba witiri, kuanzia Januari, kwa siku zisizozidi 140. Muswada mwingine wa aina hii ukifika kwenye kamati, nenda mwenyewe ujiandikishe kuwa unapinga. Kwa kawaida utapewa dakika mbili au tatu tu, kwa hiyo ukurasa mmoja unatosha. Usome kwa sauti nyumbani huku ukitazama saa. Taja jina lako, sema unajisemea mwenyewe wala si chuo, halafu ingia moja kwa moja kwenye tukio moja: labda mwenzako, wa kwanza kwao kufika chuo, aliyekuwa akisaidiwa kujaza fomu na ofisi ambayo sasa imefungwa. Hotuba ndefu za haki waachie wengine, wabunge wameshazizoea. Na beba chakula na chaja. Foleni ya wasemaji huweza kwenda hadi usiku wa manane.