Kabla hujabonyeza "Nunua": njia ya oda yako ya hisa

Wengi ninaowahudumia hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza: "Kaka, huyo anayeniuzia yuko wapi?" Twende taratibu.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya CDS, mfumo mkuu wa kutunza hisa. Nenda na kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Hisa zako zitatunzwa humo kama kumbukumbu za kompyuta.

Hatua ya 2: Jua oda, yaani agizo lako la kununua au kuuza, inakokwenda. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, madalali walikutana ukumbini. Mfumo wa kompyuta ulikuja 2006. Wenzetu walitangulia: soko la hisa la NASDAQ la Marekani lilianza Februari 1971, ila mwanzoni mitambo yake ilionyesha bei tu, watu wakamalizana kwa simu. Soko la hisa la Toronto, Kanada, mwaka 1977, ndiko kompyuta ilikoanza kukutanisha oda yenyewe. Kwangu mimi mapinduzi ni hayo. Kuonyesha bei ni tangazo tu.

Hatua ya 3: Soma foleni ya oda. Kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea, wanunuzi hupandishiana bei, mwenye samaki katulia. Kwenye hisa, wauzaji nao wanashushiana. Kompyuta inatazama bei kwanza: anayenunua kwa bei ya juu na anayeuza kwa bei ya chini wanatangulia. Bei zikilingana, aliyewahi ndiye wa kwanza. Ukubwa wa mfuko wako hauna nafasi hapo.

Tuseme kuna hisa 100 zinazouzwa kwa shilingi 2,000, na nyingine 300 kwa 2,010. Ukiweka oda ya kununua 200 kwa 2,010, unapata 100 kwa 2,000, kisha 100 kwa 2,010. Jumla 401,000, kabla ya ada za dalali na soko.

Hatua ya 4: Andika bei yako ya mwisho. Usiseme "nunua kwa bei yoyote". Soko letu lina kampuni ambazo siku nzima hupita bila muuzaji wa maana, na oda isiyo na kikomo itaparamia bei yoyote iliyopo.

Hatua ya 5: Fuatilia. Oda inaweza kutimia nusu, nusu ikabaki kwenye foleni. Muulize dalali muda wake utaisha lini, na kumbuka ukiibadilisha bei unarudi mwisho wa foleni ya bei hiyo mpya.