Ndugu yako akipata saratani ya utumbo mpana, toa kumi

Kaka yangu aliendesha lori la mizigo kati ya Mombasa na Kampala kwa zaidi ya miaka 20. Alipoanza kuona damu chooni, hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kila mtu alikuwa na jibu: bawasiri, ugonjwa wa madereva, inatokana na kukaa sana. Duka la dawa likampa mafuta ya kupaka, naye akayapaka miaka miwili. Hakuna aliyemlaza kitandani akampima hata kwa kidole. Saratani ya utumbo mpana ilipogunduliwa alikuwa na miaka 49, na ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Nawaandikia ninyi mliozaliwa tumbo moja na mgonjwa kama huyo, na nyinyi watoto wake. Kazi yenu ya kwanza ni hesabu. Chukua umri aliokuwa nao alipogunduliwa, toa 10. Kwetu ilikuwa 39. Kama jibu lako limezidi 40, hesabu 40. Huo ndio umri wa kuanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera, hata kama huumwi popote. Mimi nilikuwa nimeshafika 44, mzima wa afya, nabeba marobota ya mitumba sokoni bila shida yoyote.

Hiyo 10 inatokana na jinsi ugonjwa wenyewe unavyokua. Utando wa ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache: seli kuukuu hubanduka, mpya hupanda kutoka chini. Ikitokea jeni (agizo lililo ndani ya seli) inayozuia seli kuzaana ovyo imeharibika, mara nyingi ile iitwayo APC, seli hurundikana mahali pamoja na kuota kinyama. Madaktari wanakiita polipu. Kingine huwa na shina kama uyoga, kingine hulala bapa ukutani na ni vigumu kukiona. Aina ya kuogopwa zaidi ni adenoma. Bado si saratani, na vingi havitakuwa saratani kamwe. Lakini kadiri seli zake zinavyozidi kugawanyika ndivyo makosa mengine yanavyoongezeka, kwenye jeni ya KRAS, baadaye TP53. Kinyama kinanenepa na seli zinapoteza mpangilio. Siku zinapotoboa utando na kuingia tabaka la chini lenye mishipa ya damu na ya limfu, hapo ndipo inakuwa saratani. Damu itokayo utumboni hupita kwenye ini kwanza. Ndiyo maana ilifika kwenye ini la kaka yangu.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi, na karibu yote ni ya kimya. Kinyama kidogo hakiumi. Kikivuja damu, huenda ni kidogo mno usiione, ukaambulia uchovu na upungufu wa damu tu. Kwa hiyo ukiona damu, usikubali neno bawasiri kabla hujapimwa. Mwambie daktari waziwazi: ndugu yangu aligunduliwa akiwa na umri fulani. Na kama ukoo wenu una wagonjwa kadhaa, au mmoja aliugua akiwa kijana, liseme hilo pia, maana kuna kasoro za kurithi zinazofupisha safari hii sana.

Utasikia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo ina mzizi hapa hapa Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika nchini 1946, akafanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala, aliona saratani hii ni nadra kwa Waafrika, na mwaka 1971 akaandika kuwa sababu ni chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi. Kwa wakati wake aliona sawa. Tangu hapo rejista ya saratani ya Kampala imeonyesha ugonjwa ukiongezeka. Endelea kula dodo (mchicha), maharage na uji wa wimbi, punguza muchomo (nyama choma) na waragi (pombe kali), ila usidhani sahani inachukua nafasi ya kamera.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo nusu ya kipimo. Utumbo usiposafika, kinyama kitajificha kwenye uchafu na umepoteza pesa zako. Siku chache kabla, acha mboga za majani, maharage, njugu, simsim, mahindi na matunda yenye mbegu. Mimi nilikula wali mweupe, mayai na samaki. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Usinywe chochote chekundu, kitafanana na damu. Kama unatumia dawa za kisukari, za kuzuia damu kuganda au vidonge vya kuongeza damu, mwulize daktari mapema zipi zisimame na lini.

Dawa ya kusafisha utumbo, ile inayokufanya uharishe, usiinywe Busia kisha ukapanda basi. Nililala kwa shangazi, Kampala, choo kikiwa hatua tatu kutoka kitandani. Nusu niliinywa jioni, nusu alfajiri, baridi, kwa mrija. Mpaka mwisho kilichotoka kilikuwa maji ya manjano kama mkojo. Kikitoka cheusi au kizito, waambie kabla hawajaanza.

Nenda na mtu. Wanakupa dawa ya usingizi, na baada yake hupaswi kupanda boda peke yako. Unalala ubavu wa kushoto, wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, tumbo linajaa upepo. Kwangu walikuta vinyama vitatu, kimoja cha milimita 12, upana wa punje kubwa ya mahindi. Walivinasa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, wakavikata pale pale. Sikusikia kitu.

Usiondoke bila kuuliza majibu ya maabara yatatoka lini, na uyafuate mwenyewe. Karatasi ikueleze aina ya kinyama, ukubwa wake, na kama seli zimeharibika sana. Kuanzia milimita 10 kwenda juu, kamera hurudiwa kwa kawaida baada ya miaka 3. Ndani ya wiki mbili za kwanza, ukitokwa na damu nyingi, ukiumwa tumbo sana au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mdogo wetu wa mwisho anatimiza 39 mwezi wa Novemba. Shangazi ameshajua tunakuja.