Mapengo matatu, visi mbili: mambo ya kuzingatia kabla ya kupandikizwa meno

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aling'olewa magego matatu ya chini, upande wa kulia, yaliyofuatana. Mtu mmoja akamwambia atahitaji implanti tatu, zile visi ndogo zinazokazwa kwenye mfupa wa taya ili kushika jino jipya, kwa hiyo bei ya moja mara tatu. Akarudi nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, akiwaza kuuza kiwanja. Hesabu ile ilipotoka tangu mwanzo. Mapengo matatu yaliyofuatana kwa kawaida hubebwa na implanti mbili, moja kila mwisho, na jino la katikati likakaa juu yake kama mbao za daraja. Taya zima lisilo na jino hata moja hubebwa na nne hadi sita, si kumi na nne. Na mzee aliyechoshwa na meno ya bandia ya chini, yanayoelea kila akicheka, anaweza kuwekewa mbili tu kwa mbele, kisha meno yake yale ya kuvua yakabanwa juu yake kama kifungo cha shati. Wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 walipendekeza njia hiyo iwe ya kwanza kufikiriwa kwa taya la chini lisilo na meno. Ni nafuu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza implanti moja ni dola ngapi. Uliza hivi: kazi ikiisha nitakuwa na meno ya aina gani, ya kuvua au ya kudumu, mangapi, na yatasimama juu ya nini? Munganga wa meno anayejua kazi yake hupanga mahali jino litakapokaa, ndipo anatafuta mfupa wa kulishika. Anayefuata mfupa peke yake anaweza kukukazia visi imara kabisa mahali ambapo jino halitakiwi kuwa, na fundi wa meno atahangaika nayo baadaye bila suluhisho zuri.

Nasema visi kwa sababu ndivyo ilivyo: parafujo ndogo ya metali iitwayo titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliona mwaka 1952, akifanya uchunguzi kwa sungura, kwamba mfupa umeshikamana na titani kiasi cha kutobanduka. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Kushikamana huko ndiko kunakokula muda: miezi 3 hivi kwa taya la chini, na mara nyingi zaidi kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini. Wapo wanaoondoka na meno ya muda siku hiyohiyo, lakini si kila mdomo unaruhusu hivyo. Kama una harusi mwezi ujao, usiahidi wageni tabasamu jipya.

Mfupa wenyewe haungoji. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya huanza kusinyaa, na katika mwaka mmoja unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, sehemu kubwa ikiwa ndani ya miezi 3 ya kwanza. Ndiyo maana ambaye meno yake mabovu bado yako mdomoni yuko katika nafasi nzuri kuliko anavyojua: azungumzie implanti kabla ya kung'oa. Aliyekaa na mapengo miaka kumi asikate tamaa, ila ajue huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine na miezi mingine. Tena meno yaliyobaki hayakutulia muda wote huo. Ya pembeni yameinamia pengo, na la juu linalotazamana nalo limeshuka kutafuta mwenzake. Wakati mwingine nafasi ya jino jipya imeshaliwa, hata kama mfupa upo.

Picha, basi. Radio (eksirei) ya kawaida ya taya zima ni ya kuanzia tu. Kwa meno kadhaa, omba skana ya taya inayoonyesha pande zote tatu, kwa sababu ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo na kidevu. Ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi hata kwa miaka. Juu, nyuma ya mashavu, kuna uwazi wenye hewa, na mfupa unaoutenga na magego unaweza kuwa mwembamba sana. Chukua nakala ya skana kwenye ufunguo wa USB. Uliilipia, ni yako.

Halafu kuna yale tunayoona haya kuyasema. Mficha uchi hazai. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona, kwa hiyo nenda na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha hali ya miezi michache iliyopita, usitegemee kipimo cha asubuhi moja. Sigara huongeza hatari ya visi kutoshikamana, na munganga akikuomba uache wiki kadhaa kabla na baada, haigizi uchungaji. Taja dawa zote. Zile za kuzuia damu kuganda usiziache mwenyewe. Uamuzi huo ni wa daktari aliyekuandikia. Zile za kuimarisha mifupa, hasa alendronati, asidi ya zoledroniki na denosumabu, zitajwe hata kama uliziacha zamani, kwani zinaweza kuufanya mfupa wa taya ushindwe kupona. Mionzi ya saratani kichwani au shingoni vilevile. Kama penisilini inakuwasha, sema kabla hujapewa amoksisilini. Na kama mke wako anakuamsha usiku kwa sababu unasaga meno, hilo nalo liseme. Linaweza kuvunja taji jipya, yaani jino linalovikwa juu ya visi.

Fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki zitibiwe kwanza. Uchafu ulioyaangusha meno ya kwanza utaivamia titani pia, nayo hailii: haina fahamu ya kukuuma mapema, unashtuka mfupa umeshaliwa.

Ukifika kwenye kliniki, usione haya kuuliza kuhusu umeme. Sisi wa Lubumbashi tunajua unavyokatika bila taarifa. Jenereta ipo, na inawaka baada ya muda gani? Vyombo vinapitishwa kwenye otoklavu, mashine ya mvuke wa kuua vijidudu, na vinafunguliwa mbele yako? Mfupa hutobolewa kwa keekee inayopozwa na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, kwa sababu ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa, na visi haitashika mfupa uliokufa. Anayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu.

Wengi wetu huwaza kuvuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kupanda ndege hadi Afrika Kusini au India. Sikatazi. Lakini hesabu safari angalau mbili, ya kupandikiza na ya kuvika meno, na uliza nani atakutazama katikati ukirudi. Hapo ndipo yaya aliponaswa. Alifanyiwa vizuri ng'ambo, sina la kulalamika kuhusu mkono wa yule daktari, ila hakupewa karatasi. Miaka miwili baadaye kiunganishi, kile kipande kati ya visi na jino, kikalegea, jino likacheza. Munganga wa hapa akafungua sanduku lake la bisibisi, akajaribu moja baada ya nyingine, hakuna iliyoingia. Kila kiwanda kina kichwa chake cha visi. Tulipiga simu kule wiki tatu ili kupata jina la chapa, kwa kazi ambayo ingechukua dakika kumi. Usitoke bila kadi yenye jina la kiwanda, kipenyo, urefu na namba ya toleo la kila implanti, hata kama umeketi kwenye kliniki ya mtaani kwako.

Bei iandikwe, na igawanywe: skana, kung'oa, kuongeza mfupa kama upo, visi, kiunganishi, jino lenyewe, meno ya muda, na kusafishwa kila mwaka. "Dola fulani kwa implanti" mara nyingi ni bei ya visi peke yake, na visi haitafuni nyama. Uliza pia ni nani analipa isiposhika. Zaidi ya tisa kati ya kumi hudumu miaka 10, lakini hiyo moja ina mwenyewe.

Siku yenyewe ni nyepesi kuliko matayarisho. Kula kabla, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi, na uwe na mtu wa kukurudisha. Usipande moto (pikipiki) peke yako na ganzi mdomoni. Nyumbani weka barafu na mto wa ziada. Bukari (ugali) laini lililopoa na sombe (kisamvu) vinashuka vizuri. Michopo (nyama ya kuchoma), kalanga na mahindi ya kuchoma visubiri, na usinywe kwa mrija, kwa kuwa kuvuta kunaweza kung'oa donge la damu. Nyuzi za mshono hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, kama si zile zinazoyeyuka zenyewe.